Faili la Mgonjwa Si la Fundi Peke Yake

Mosoriot ni kituo cha afya cha mashambani katika nchi ya Wanandi, magharibi mwa Kenya, mwendo usio mrefu kutoka mji wa Eldoret. Mwaka 2001 kituo hicho kilianza kutunza rekodi za wagonjwa wake kwa kompyuta, wakati ambapo katika hospitali kubwa kuliko hicho makarani walikuwa bado wakisaka mafaili yaliyopotea katika vyumba vya masjala. Hapakuwa na fahari yoyote katika vifaa vyake: kompyuta mbili zilizounganishwa, betri ya kuhimili umeme unapokatika, nishati ya jua ya kuijaza betri hiyo, na programu ya kawaida ya ofisini, Microsoft Access. Waliobuni mfumo huo walikuwa waganga wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, wakishirikiana na mganga wa Australia, Terry Hannan.

Matokeo ya kazi hiyo yalipimwa na kuchapishwa mwaka 2003. Muda ambao mgonjwa aliutumia kituoni ulipungua kwa asilimia 22. Muda wa kusubiri ulipungua kwa asilimia 38, ingawa kitakwimu tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika kinachokubalika kwa kawaida. Muda ambao mtoa huduma aliutumia kwa kila mgonjwa ulipungua kwa asilimia 58. Kisha watafiti wakaandika jambo ambalo muuza programu asingethubutu kulitia katika kijitabu chake cha matangazo: watumishi wa kituo sasa walikuwa wakishughulika na wagonjwa kwa muda mdogo kuliko zamani, wakizungumza wao kwa wao kwa muda mdogo zaidi, na sehemu kubwa zaidi ya siku yao ikienda katika mambo yao binafsi.

Ni rahisi kuisahau takwimu hii ya mwisho pale Mosoriot inaposifiwa, nayo ndiyo iliyofaa kukumbukwa kwanza. Kompyuta huokoa muda, lakini haiugawi. Wanaougawa ni watu. Mgonjwa aliyeondoka nyumbani kabla ya alfajiri, akapanda gari moja na kushuka, akapanda la pili, hana faida kubwa ya kufupishiwa foleni ikiwa mazungumzo yake na tabibu nayo yamefupishwa. Waliolitambua hilo ni watu waliozoea kukaa katika chumba cha uchunguzi, na kwa sababu hiyo walilipima, wakalitangaza hata pale lilipopunguza utamu wa habari yao. Mfumo wa rekodi za wagonjwa ni chombo cha tiba, kama kilivyo kipimo cha shinikizo la damu au darubini ya maabara. Anayetibu kwa chombo hicho hana budi kuwa na sauti ya kwanza katika utengenezaji wake. Na sauti hiyo haiwezi kudumu ikiwa msimbo wa programu umefungiwa kabatini na mwenye mali ambaye hajawahi kumtibu mtu.

Fikra hii haikuzaliwa Eldoret. Mwaka 1972, huko Indianapolis, mganga Clement McDonald na wenzake wa Taasisi ya Regenstrief walianza kuingiza katika kompyuta rekodi za wagonjwa wachache wa kisukari. Miaka minne baadaye McDonald alichapisha katika New England Journal of Medicine jaribio ambalo hadi leo linastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa tiba. Waganga tisa waliachwa wafanye kazi yao ya kawaida, mara wakipewa vikumbusho vilivyotolewa na kompyuta, mara wakinyimwa. Walipokumbushwa, walichukua hatua iliyostahili katika asilimia 51 ya matukio. Wasipokumbushwa, katika asilimia 22. Waganga walikuwa wale wale, elimu yao ile ile. McDonald hakuwatuhumu kwa uvivu wala kwa ujinga. Alichosema ni kwamba makosa mengi ya kitabibu hutokana na ukomo wa mwanadamu katika kushughulikia taarifa nyingi kwa wakati mmoja, na katika jina lenyewe la makala yake akataja kwamba mwanadamu hakamiliki.

Jambo hilo linahitaji unyenyekevu wa namna ya pekee, nao hupatikana kwa urahisi zaidi kwa mtu ambaye mwenyewe amewahi kusahau kuagiza kipimo. Anayeangalia kliniki kutoka nje huona watumishi wanaohitaji kusimamiwa, hivyo hutengeneza programu ya kuwasimamia: nani aliingia saa ngapi, nani amejaza safu zote, nani hajajaza. Tabibu akiitazama kliniki hiyo hiyo huona mtu mmoja mwenye wagonjwa sitini mbele yake na kichwa kimoja, hivyo hutengeneza programu ya kumkumbusha. Zote mbili zinaweza kuitwa kwa jina moja katika hati ya zabuni. Kwa mgonjwa si kitu kimoja.

Mwaka huo huo wa Mosoriot, 2001, ndipo ulipoanza mpango wa AMPATH, ushirika wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi na vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana, kwa ajili ya kuwatibu watu wanaoishi na VVU. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwa Joe Mamlin, mganga wa magonjwa ya ndani. Wagonjwa wakaongezeka hadi kufikia maelfu, na programu ile ya ofisini iliyokuwa imekitosha kituo kimoja cha mashambani ikaanza kuelemewa. Mwaka 2004 mwanawe, Burke Mamlin, naye mganga wa magonjwa ya ndani, alifika Eldoret pamoja na Paul Biondich, mganga wa watoto, ili kusaidia kuupanua mfumo. Wakaona kwamba kuweka viraka hakutafika mbali. Ulihitajika msingi mpya, tena usiwe wa Eldoret peke yake. Aliungana nao Hamish Fraser, mganga wa shirika la Partners In Health, aliyekuwa amefanya kazi ya rekodi za wagonjwa wa kifua kikuu sugu nchini Peru, na watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. Hivyo ndivyo OpenMRS ilivyozaliwa. Mwaka 2006 ilikuwa tayari ikitumika Eldoret, Rwinkwavu nchini Rwanda, na Afrika Kusini. Leo inatumika katika zaidi ya nchi 40, na mifumo ya kitaifa kama KenyaEMR na UgandaEMR imejengwa juu yake.

Kinachostahili kuelezwa kwa kina ni muundo wake, kwa sababu ndani yake alama ya mkono wa mganga inaonekana wazi. Katika programu nyingi za rekodi, kila swali la kliniki lina safu yake katika jedwali la hifadhidata. Kliniki ikitaka kuuliza jambo jipya, tuseme kama mama ananyonyesha, au kama mtoto aliwahi kupewa dawa za kumkinga na maambukizi, fundi hulazimika kulifungua jedwali, kuongeza safu, kisha kurekebisha fomu na ripoti zote zilizolitegemea. Hilo huchukua wiki, wakati mwingine miezi, na mara nyingi hudaiwa malipo mapya. Waanzilishi wa OpenMRS, wakifuata njia iliyokuwa imepasuliwa na Regenstrief, walitenganisha maswali na majedwali. Kila swali na kila jibu huwekwa katika kamusi ya dhana: uzito ni dhana, kikohozi ni dhana, kunyonyesha ni dhana. Anayetaka kuuliza jambo jipya huongeza dhana katika kamusi, nao muundo wa hifadhidata hauguswi.

Mhandisi asiyetibu angeweza kuubuni muundo kama huo. Hakuna siri ya kitabibu ndani yake. Lakini angeubuni kama angejua kwamba maswali ya kliniki hayaishi. Tangu mwaka 2004 mwongozo wa matibabu ya VVU umebadilika mara nyingi. Kulikuwa na wakati ambapo mgonjwa alisubiri seli zake za CD4 zishuke hadi kiwango fulani ndipo aanzishiwe dawa. Kisha kiwango hicho kikapandishwa, kikapandishwa tena, na tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila aliyegundulika aanze dawa bila kujali CD4. Kila badiliko la namna hiyo ni fomu mpya na vikumbusho vipya. Mfumo unaomlazimu tabibu kumsubiri fundi wa mbali kila mwongozo unapobadilika humfanya atibu kwa mwongozo wa mwaka juzi, au humrudisha kwenye daftari lake la pembeni. Madaftari hayo ya pembeni yamejaa katika kliniki nyingi zenye kompyuta, na kila moja ni ushahidi kwamba programu haikumwelewa mtumiaji wake.

Kamusi yenyewe nayo imekuwa kazi ya waganga. Andrew Kanter, mganga wa Chuo Kikuu cha Columbia, ameongoza utunzaji wa mkusanyiko wa dhana unaoitwa CIEL, wenye makumi ya maelfu ya dhana, kila moja ikiunganishwa na orodha za kimataifa za magonjwa na vipimo. Nchi inayoanza leo haina haja ya kubishana upya juu ya maana ya homa ya mapafu. Kazi hiyo haina mvuto wa magazeti na haimpi mtu umaarufu. Ni kazi ya kukaa na kuuliza, dhana baada ya dhana: hivi daktari wa Kisumu na daktari wa Port-au-Prince wakiandika neno hili, wanamaanisha kitu kimoja?

Kwamba vikumbusho vinafanya kazi hata mahali penye uhaba, hilo halihitaji kukisiwa. Mganga Mkenya Martin Were na wenzake walifanya majaribio katika kliniki za AMPATH huko Eldoret. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliohusu watoto katika kliniki ya VVU, watoa huduma waliopewa vikumbusho vya kompyuta walikamilisha asilimia 68 ya mambo yaliyokuwa yamepitwa na wakati, na wale ambao hawakupewa walikamilisha asilimia 18. Nyuma ya tofauti hiyo kuna kipimo cha mtoto ambacho kingengoja mwezi mwingine, na mtoto mwenye VVU hana miezi mingi ya kungoja. Jaribio la Indianapolis la mwaka 1976 lilikuwa limevuka bahari, likakuta ubongo wa mwanadamu ni ule ule.

Neno huria, kama linavyotumika kwa programu za aina hii, halina maana ya bure. Lina maana kwamba msimbo uko wazi kusomwa, kunakiliwa, kubadilishwa na kugawiwa tena kwa masharti ya leseni iliyoandikwa. OpenMRS hutolewa kwa leseni ya umma ya Mozilla, pamoja na tamko la nyongeza kwamba programu hiyo haichukui nafasi ya maamuzi ya mtaalamu wa afya. Uwazi huo unampa tabibu jambo ambalo katika taaluma yake amelizoea kiasi kwamba halioni tena: haki ya kukagua. Dawa isiyotaja kilichomo ndani yake haisajiliwi. Kipimo cha maabara kisichoeleza njia yake hakiaminiwi. Lakini programu inayoamua ni kipimo gani kiorodheshwe kuwa kimechelewa, ni dozi gani imezidi, ni mgonjwa gani atoweke katika orodha ya wafuatiliaji, inanunuliwa kila siku na hospitali zisizo na haki ya kuona imeamua vipi.

Marekani yenyewe inatoa mfano wa pande zote mbili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, waganga na waandishi wa programu ndani ya hospitali za wanajeshi wa zamani walijenga mfumo ambao baadaye uliitwa VistA. Waliujenga hospitali kwa hospitali, mara nyingi dhidi ya matakwa ya makao makuu yaliyotaka kila kompyuta iwe chini ya ofisi moja. Kwa kuwa uliandikwa na watumishi wa serikali, msimbo wake ukawa mali ya umma, na Jordan iliuchukua kuwa msingi wa mpango wake wa kitaifa wa Hakeem. Mwaka 2018 serikali ilitia saini mkataba wa takriban dola bilioni 10 wa kuuondoa na kuweka mfumo wa kibiashara mahali pake. Hospitali ya kwanza, ya Spokane katika jimbo la Washington, ilianza kuutumia Oktoba 2020. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa idara hiyo alieleza kwamba maagizo ya waganga zaidi ya 11,000, yakiwemo ya vipimo na ya rufaa, yalikuwa yameingia katika foleni ambayo waganga hawakujua kuwa ipo, kwa sababu mfumo haukutambua yapelekwe wapi. Wapo wagonjwa waliodhurika. Mwaka 2023 idara ilisitisha kuupeleka katika hospitali nyingine hadi urekebishwe.

Haki inadai kusemwa pia kwamba VistA ilikuwa imezeeka, kwamba lugha iliyoandikiwa inajulikana na watu wachache, na kwamba gharama ya kuitunza ilikuwa ikipanda. Mfumo huria nao huchakaa. Hata hivyo foleni ile ya Spokane inafundisha jambo moja la msingi: agizo likiandikwa kisha lisimfikie mtu, ni sharti aliyeliandika ajue. Hakuna muuguzi wa zamu anayepokea faili la karatasi lisilo na jina la wodi akalitupa kapuni bila kumwuliza mtu. Programu ililitupa kapuni, nayo ikamwonyesha daktari kwamba limepokelewa.

Je, basi, kila kitu kiachiwe waganga? La hasha. Neno mganga katika mjadala huu limebeba zaidi ya uwezo wake. Kule Eldoret, kwa miaka mingi, watoa huduma walijaza fomu za karatasi, na makarani wa takwimu ndio walioziingiza katika kompyuta. Karani akisoma vibaya mwandiko wa daktari, kamusi nzuri namna gani haimwokoi mgonjwa. Katika kliniki nyingi za ukanda huu anayeonana na mgonjwa kwa muda mrefu zaidi ni muuguzi au afisa tabibu, na anayejua kwamba majina matatu ya mgonjwa yameandikwa kwa mpangilio tofauti katika kadi tatu ni mtu wa mapokezi. Mfumo uliobuniwa na daktari bingwa kwa mahitaji ya daktari bingwa unaweza kuwa mzigo kwa hao wote, tena mzigo wenye heshima ya kitaaluma, ambao ni mgumu zaidi kuulalamikia. Kuongoza kwa mganga kuna maana tu ikiwa kunafungua mlango kwa wale ambao sauti zao katika hospitali ni ndogo kuliko yake.

Lipo na tatizo lingine linalojulikana na kila aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya kufundishia. Daktari kijana mwenye kipaji cha kompyuta huandika programu usiku, huiweka katika kliniki yake, nayo hufanya kazi vizuri ajabu. Kisha huenda masomoni au huhamishwa. Programu hubaki, haina maelezo, haina mwenyewe, na nywila yake imeandikwa kwenye kipande cha plasta nyuma ya kompyuta. Miaka miwili baadaye hakuna anayethubutu kuigusa. Kinachoziokoa jitihada za namna hiyo ni jumuiya: msimbo uliowekwa mahali penye macho mengi, waandishi wa programu wanaolipwa kuutunza, na kanuni za kukubali au kukataa badiliko. OpenMRS ilidumu kwa sababu waganga wake waliajiri wahandisi na kuwasikiliza. Wapo leo wahandisi wa Afrika Mashariki, wa Kampala, Nairobi na Eldoret, wanaouelewa msimbo huo kuliko waganga walioubuni, na hilo ni jema.

Na fedha? Leseni huria hailipi mshahara wa karani, hainunui betri, haimrudishi kazini mwalimu wa watumiaji ambaye mkataba wake umekwisha. Sehemu kubwa ya mifumo hii katika ukanda wa Afrika Mashariki imetegemea fedha za nje za mapambano dhidi ya VVU. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwanzoni mwa mwaka 2025, udhaifu wa msingi huo ukawa dhahiri. Hapo ndipo tofauti ya huria na isiyo huria inapaswa kupimwa bila ushabiki. Fedha zikikatika, programu huria nayo hukwama. Seva huzimika, makosa hayarekebishwi, watu huondoka. Kinachobaki ni haki. Wizara, hospitali au chuo kikuu kinaweza kuuchukua msimbo ule ule na taarifa zile zile na kuendelea, kwa kasi ndogo, kwa watu wachache, bila kuomba ruhusa. Penye programu iliyofungwa, fedha ikikatika leseni hukatika, na pamoja nayo hukatika njia ya kuzifikia rekodi za wagonjwa.

Kwa hiyo hospitali inayotangaza zabuni ya mfumo wa rekodi haitendi kosa kununua kutoka kwa mfanyabiashara. Kosa ni kununua bila kuuliza. Mkataba ukiisha, mafaili ya wagonjwa yatatoka katika umbo gani, na nani ataweza kuyasoma? Kikumbusho kikiwa na makosa, nani ana mamlaka ya kukibadili, naye atachukua siku ngapi? Nani, kwa jina na kwa cheo, kati ya wauguzi, maafisa tabibu na madaktari wa hospitali hiyo alikaa mezani mfumo ulipochaguliwa? Kamati nyingi za ununuzi hujaa wahasibu na wataalamu wa mitandao, ambao hawana hatia, ila hawatautumia mfumo huo saa nane za usiku katika wodi ya wazazi.

Vyuo vya tiba navyo vina deni. Mhadhiri anayeandika makala tatu za kitafiti hupandishwa cheo. Mhadhiri anayetumia miaka mitatu kuunda fomu ya kliniki ya kisukari inayotumiwa na vituo mia moja, akairekebisha kila mwongozo unapobadilika, mara nyingi huonekana hakufanya kitu. Kigezo hicho kikibaki kama kilivyo, waganga wenye kipaji hiki wataendelea kuifanya kazi hiyo kwa kuibia usingizi, au watahamia kwenye makampuni. Hakuna sheria inayokizuia chuo kuihesabu kazi ya msimbo na kamusi kuwa kazi ya kitaaluma, mradi iwe imekaguliwa na wenzao, na ukaguzi huo katika miradi huria hufanyika hadharani kuliko ule wa majarida mengi.

Anayebaki mbali kuliko wote ni mgonjwa mwenyewe. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu mwaka 2022. Zote mbili zinamtambua mtu kuwa na haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa na wengine. Katika kliniki haki hiyo bado ni ya karatasini. Muhtasari unaochapwa na kompyuta, wenye dawa, vipimo na vikumbusho, humwendea mtoa huduma, nao umeandikwa kwa Kiingereza. Mgonjwa huondoka na kadi yake na tarehe ya kurudi.

Kizuizi hapa si programu. Kamusi ya dhana ya OpenMRS iliundwa tangu mwanzo ili dhana moja iweze kubeba majina katika lugha nyingi, na fomu ile ile ikaonyeshwa kwa lugha anayoichagua mtumiaji. Kinachokosekana ni watu wa kuyaandika majina ya Kiswahili kwa uangalifu, na hapo fundi hawezi kusaidia hata kidogo, wala mfasiri wa kompyuta. Homa, kwa watu wengi wa pwani na bara, ni joto la mwili na ni malaria pia. Muhtasari utakaoandika homa mahali pa malaria utampeleka mama nyumbani akidhani mtoto amepimwa kitu ambacho hakupimwa. Presha inaeleweka na wengi kuliko shinikizo la damu, lakini wapo wanaosema presha wakimaanisha hofu au mapigo ya moyo kwenda mbio. Degedege humaanisha mtukutiko wa mwili, na katika nyumba nyingi humaanisha ugonjwa usiopelekwa hospitali, kwa hiyo neno hilo likichapwa katika karatasi ya hospitali huenda likamfanya bibi wa mtoto aitoe sindano na kumwita mganga mwingine. Muuguzi wa wodi ya watoto anayajua haya yote. Hajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo, na kwa kazi hii hatahitaji kuandika. Anahitaji kupewa orodha ya dhana, siku mbili kwa wiki za kuifanyia kazi, na jina lake kuwekwa katika kumbukumbu za mradi pamoja na majina ya madaktari.